Mtembeza wageni naye kageuka mgeni: Veracruz kwa miguu

Kama hujawahi kufanya kazi ya kutembeza watalii hapa Amu, yaani Lamu, hutojua raha niliyoipata mie. Kazi yangu mnaijua, ndege ikitua Manda niko jeti nangoja boti, naangalia nani ana mwenyeji nani hana, kisha ni ile ruti ya siku zote, Ngomeni, sokoni, Mkomani kwenye milango ya nakshi, Jumba la Makumbusho, hospitali ya punda, jioni boti ya Shela, na maneno ni yale yale mpaka paka wa sokoni washayahifadhi. Sasa nina binamu yangu alienda na kazi za meli akaishia kuajiriwa bandarini kwenye mji mmoja wa Mexico waitwa Veracruz, na muda mrefu alikuwa ananiambia njoo bana, we kila siku wapokea watu, nawe kapokelewe. Nikaenda.

Visa ya Mexico kwa Mkenya ni lazima na ubalozi wao uko Nairobi, kwa hivo safari ya Mexico kwa mtu wa Amu inaanza na boti ya Mokowe na basi kabla hata hujaiona ndege. Ya angani sitawachosha nayo, unakula, unalala, unaamka, bado. Mexico City nilipita tu, mji uko juu sana, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, nilipanda ngazi za stesheni na begi langu moja nikahema mpaka bibi mmoja mzee akanipita akageuka kuniangalia kwa huruma. Kutoka hapo ni basi, masaa matano sita hivi, na hii sehemu nawaambia mkienda msilale, panda la mchana, maanake barabara inateremka kutoka milimani mpaka pwani na njiani unauona mlima waitwa Pico de Orizaba, mita 5,636, theluji juu, yaani mrefu kuliko Mlima Kenya wetu, na mie nimekaa dirishani na sweta la kuazima naona miwa na migomba inaanza kutokea huku chini na joto linarudi kidogo kidogo. Mlango ulipofunguliwa Veracruz ile hewa nzito ya chumvi ikaniingia puani nikalivua sweta hapo hapo, sikulivaa tena mpaka siku ya upepo, nitafika huko.

Usiku wa kwanza usingizi hamna. Wao wako nyuma yetu masaa 9, kwa hivo saa tisa ya usiku wao ni saa sita mchana huku, tumbo langu linangoja wali na nje ni giza totoro. Nikangoja alfajiri nikaswali, kibla kule ni kaskazini mashariki wakati sisi Amu tumezoea kaskazini moja kwa moja, binamu akaamka kwenda kazini, akaniachia ufunguo, karatasi yenye anwani na onyo, usiende mbali. Mtu umetoka Amu mpaka Mexico halafu unaambiwa usiende mbali!

Sasa mie kuhusu kutembea mji mgeni nina msimamo wangu, na nawaambia hata wateja ingawa wananilipa kwa kufanya kinyume. Siku ya kwanza usichukue mtu wa kukutembeza. Simu mfukoni. Fuata mtu aliyebeba kitu, maanake aliyebeba kitu ana mahali anaenda, aliyevaa kofia mpya na kamera hajui anakokwenda kama wewe. Lakini kabla ya hayo yote mtu wa pwani kwanza akaione bahari.

Malecón ni ile njia pana ya kutembea kando ya maji, na kutoka uwanja wa katikati ya mji mpaka hapo ni mitaa michache tu, gari la nini. Kule pia bahari iko mashariki, jua latoka majini, ila msifikirie maji ya Shela au Manda Toto, hii ni bandari ya kazi, maji kijivu kijivu, winchi za kupakulia kila upande, meli za makontena na zile ndefu za kubeba magari zimefungwa karibu na mji hivi kwamba unasoma jina la meli ukiwa umesimama na kikombe chako. Vijana wamekaa ukingoni na kaptula wanangoja mtalii arushe sarafu, wapige mbizi waifuate, na wanaidaka kabla haijafika chini, wanaitia mdomoni wanapanda ukuta tena meno nje. Nilirusha moja nikasimama pale muda mrefu kuliko thamani ya ile sarafu.

Halafu kuna wale wauza aiskrimu. Kwenye njia ya kuingilia malecón maduka yao yako karibu karibu na kila duka lina mtu mlangoni anapiga kelele "güero, güero, güera, güera", yaani we mweupe we, njoo, na hawachagui, wanamwita hivo kila apitaye, mzee, mtoto, mwanajeshi, na mie na weusi wangu huu nikaitwa mzungu mchana kweupe. Nilicheka mpaka yule kijana naye akacheka bila kujua nacheka nini. Lakini kikazi nilimpa maksi, anaita kwa sauti, anaita kwa furaha, na ukipita umepita, hakufuati hata hatua moja. Vijana wenzangu wa jeti, hapo kuna somo, sisi mtu tunamsindikiza mpaka mlango wa gesti keshakataa mara tatu. Nilichukua ya stafeli. Wana stafeli, wana nazi, wana embe, wana ukwaju, na ukwaju wanaunywa pia baridi kwenye jagi kubwa la gilasi sokoni, sukari nyingi mno kwa maoni yangu, ukwaju wa mama una heshima zaidi.

Kahawa sasa. Hapo nitakaa kidogo.

Pale karibu na maji kuna mkahawa wa zamani waitwa La Parroquia, wenyewe wanaandika tangu 1808, mkubwa kama nini sijui, mafeni, vioo, wahudumu wa koti jeupe, na kelele ya gilasi. Ukiingia mara ya kwanza unadhani kuna ugomvi jikoni. Kumbe ni hivi, unaagiza lechero, analetewa kila mtu gilasi ndefu yenye kahawa nyeusi nzito chini kabisa, vidole viwili tu, na kijiko, halafu yule mhudumu anaondoka zake. Maziwa hayuko nayo yeye. Maziwa yuko nayo mwengine anayezunguka na birika kubwa, na ili akuone unagonga gilasi kwa kijiko, ting ting ting, na kila meza inagonga kwa wakati wake, basi ukumbi mzima unalia. Anakuja, anaanza kumimina karibu na mdomo wa gilasi kisha anainua birika juu, juu, mpaka usawa wa kifua chake, uzi wa maziwa ya moto umenyooka, povu linapanda mpaka ukingoni na hapo hapo anakata, tone halimwagiki mezani. Nilimwangalia akifanya meza tano kabla sijagonga yangu. Wanasimulia kwamba zamani dereva wa tramu alikuwa akipita hapo anapiga kengele yake ili kahawa yake iwe tayari, alipokufa na tramu yake ikapita kwenye maziko watu wakagonga gilasi kumuaga, na desturi ikabaki. Sasa fikiria, huku kwetu muuza kahawa ndiye anayegonga vikombe vyake barabarani kumwita mnywaji, kule mnywaji anamgongea muuzaji. Nikakaa na hilo jambo kichwani gilasi nzima, na ya pili pia, maanake kahawa yenyewe inalimwa milimani humo humo jimboni na ni nzuri, ingawa kwa kahawa chungu na haluwa bado sijapata mshindani.

Kutoka hapo ndio nikaanza kufuata watu. Wa kwanza alikuwa kijana anasukuma mkokoteni wa barafu, vipande vikubwa vimefunikwa gunia, vinadondoka maji njia nzima hata ukimpoteza unafuata maji, akanifikisha sokoni, Mercado Hidalgo. Samaki nilisimama nao sana, wamepangwa vizuri, kaa wamefungwa kamba miguu, changu wekundu, na yule changu mwekundu ndiye wanampika kwa nyanya, zeituni na pilipili mbichi, wanaita a la veracruzana, na nimemla, na nasema bila aibu kwamba angetiwa tui angekuwa mbali zaidi. Mnaweza kunitukana kwenye hilo.

Kwenye chakula ndipo Muislamu anahitaji maneno mawili matatu ya Kihispania hata kama hajui mengine. Mafuta ya nguruwe yamo kwenye vitu ambavyo huwezi kudhani, maharagwe, mikate ya mahindi, tamale, na mpishi hakufichi, ni kwamba kwake ni kitu cha kawaida kama sisi na samli. "Sin manteca, sin puerco", yaani bila mafuta ya nguruwe, bila nguruwe, ndio ilikuwa dua yangu ya kila asubuhi. Kuna mama mmoja nje ya soko anapika picadas na alinielewa haraka. Anachukua donge la unga wa mahindi, analibonyeza kwenye mashine ya mbao, linakuwa duara nene, analitupa kwenye chuma cha moto, na likiwa bado linachoma, analitoa na kwa vidole vyake bila kitambaa anafinya ukingo mzunguko mzima, finya finya finya, mpaka duara linapata ukuta mdogo wa kuzuia mchuzi usimwagike. Mie nilijaribu kushika moja likaniruka mkononi. Anamimina mchuzi wa nyanya au wa pilipili, kitunguu, jibini nyeupe ya kumung'unyika, basi. Unakula umesimama, na kila apitaye hata hakujui anakwambia "provecho", yaani kula kwa afya, hata mlinzi wa benki kaniambia. Hiyo ilinipendeza sana wallahi.

Halafu mchana kuna wauza volovanes, vitobosha vya unga wa tabaka tabaka, ndani kaa, au jodari, au nanasi, au nyama ya nguruwe ile msiiguse, wengine wanapita na baiskeli na spika, wimbo ni mmoja tu, kutaja zilizomo ndani. Na maembe! Ilikuwa mwisho wa Aprili, msimu unafunguka, na embe linalosifika hapo linaitwa Manila kwa sababu mbegu yake ilivushwa Pasifiki na meli za Wahispania kutoka Ufilipino, wanalimenya, wanalitia pilipili ya unga, chumvi na ndimu. Mtu wa kunionyesha embe la pilipili alinieleza taratibu kwa mikono jinsi ya kula, na mie nikamwacha anieleze, raha ya kuwa mtalii ndio hiyo, unafundishwa kitu ulichokulia nacho na unaitikia tu.

San Juan de Ulúa unaiona kutoka malecón, ng'ambo ya maji, katikati ya magati. Nikachukua boti. Ngome hii Wahispania walianza kuijenga 1535 juu ya kisiwa cha matumbawe mbele ya mji, mji wenyewe Mhispania Hernán Cortés ameuanzisha 1519 ingawa ulihamishwa hamishwa kabla ya kutulia hapa. Fedha ya migodi ya Mexico ilipitia hapa kwenda Hispania, ndio maana kuta nene hivo. Nikakaribia, nikaweka kiganja ukutani, na sikuhitaji mtu kunielezea. Matumbawe. Yale ya mviringo yenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi, yamekatwa na kupangwa, chokaa imeliwa na chumvi na mawe yenyewe yametokeza, unaona kila mkunjo. Nimewaonyesha watu ukuta wa aina hii hapa nyumbani sijui mara ngapi, nimewaambia gusa, si jiwe la mlimani hili, hili lilikuwa hai baharini, na leo mtu wa Veracruz ananiambia mie maneno hayo hayo na ananitazama kama nitashangaa. Nikashangaa kwa adabu.

Yule mtembezaji wao nilimsikiliza kwa masikio ya kazi. Historia alikimbia nayo, 1821 Mexico inapata uhuru lakini Wahispania wanajifungia ngomeni mpaka 1825 ndio wanatoka, 1838 Wafaransa wanaipiga mizinga kwa madai ya fidia ambayo mojawapo lilitokana na mpishi wa keki wa Kifaransa aliyesema duka lake limeharibiwa, na vita vinaitwa hadi leo Vita vya Keki, kisha Wamarekani 1847, Wamarekani tena 1914, na mji unajiita Shujaa mara nne kwa hayo mashambulio. Hayo kayasema kwa dakika chache. Alipofika kwenye jela ndio akapunguza mwendo, na hapo nikajua kijana anaijua kazi. Vyumba vya wafungwa wamevipa majina, Pepo, Toharani, Moto, na Pepo hii si ile hoteli ya Peponi ya Shela, dari la mawe linavuja chumvi chumvi limeota vijiti vinavyoning'inia, hewa hamna, unasimama dakika mbili shati limelowa. Benito Juárez alifungwa kwenye ngome hii 1853 kabla ya kufukuzwa nchini, na baadaye ndiye akawa rais. Lakini watu walichomuulizia ni Chucho el Roto, mwizi wao mashuhuri aliyefungwa humo, alivyotoroka, alivyosaidia maskini, na kijana akawapa, na sauti akabadilisha. Ngome yetu nayo ilikuwa jela mpaka 1984, na mie huwa naipitia hiyo sehemu mbio mbio niwahi maktaba. Nadhani tunahitaji kutafuta mwizi mmoja mzuri.

Upepo. Binamu alikuwa kaniambia kuna kitu kinaitwa norte, nikamwambia yakhe sisi tuna kaskazi, usinitishe na upepo. Siku mbili tatu kabla kulikuwa na joto la ajabu kutoka kusini, mbwa wamelala barabarani hawanyanyuki, kisha mchana mmoja mbingu ya kaskazini ikawa rangi ya risasi na kufumba na kufumbua ikaingia. Huu si upepo wa kusafiria. Kaskazi wetu ni mwenzetu, unakuja na msimu wake, umeleta majahazi karne na karne, unautarajia na unakaa nao miezi, huu wa kwao ni baridi inashuka kutoka Amerika ya Kaskazini inakuja juu ya Ghuba ya Mexico bila kizuizi, inapiga siku moja, mbili, inaondoka, na kipindi chake ni toka Oktoba mpaka kama Aprili hivi. Bandari ikafungwa, boti zote zimefungwa mara mbili, mawimbi yanaruka ukuta wa malecón yanafika barabarani, mchanga kwenye meno, kwenye masikio, kwenye kahawa. Wenyeji wakatoa makoti, kofia za sufi, mtu na mtoto kafunikwa hata pua, na mie nikalivaa lile sweta. Nilitembea siku hiyo pia, ukutani ukutani, na mji ulikuwa umejaa, wamehamia tu upande wa pili wa jengo.

Siku hiyo ndio upepo ulinisukuma mpaka La Huaca. Ni mtaa wa zamani uliokuwa nje ya ukuta wa mji, ukuta wenyewe ulibomolewa 1880 na katika maboma yake limebaki moja tu, Baluarte de Santiago la 1635, limekaa peke yake katikati ya nyumba za kawaida kama lilisahauliwa hapo. La Huaca nyumba ni za mbao, rangi za kila aina, baraza ndogo mbele, vichochoro, na uani familia nyingi zinachangia bomba moja. Hapo ndipo walipoishi maskini wa mji na watu weusi, na kuna kichochoro kina jina la mwimbaji Toña la Negra aliyezaliwa mtaani hapo 1912. Kuhusu watu weusi wa Mexico sikuwa na habari kabisa kabla, na nadhani wengi wenu hamna. Waafrika waliofanywa watumwa waliingizwa nchini kupitia bandari hii hii. Ndani ya jimbo kuna mji mdogo waitwa Yanga, ni jina la Mwafrika aliyetoroka akaongoza wenzake milimani miaka na miaka, Wahispania wakatuma jeshi 1609 wakashindwa kummaliza, mwisho wakakubali wawe na mji wao huru. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5 wanaojitambua kuwa na asili ya Kiafrika, na katiba imewatambua rasmi 2019 tu, juzi hapo. Kwa hivo barabarani hakuna aliyenishangaa, waliniuliza tu kama mie Mcuba, nikisema Kenya wanasema ahaa, wakimbiaji, na wananitazama miguu. Sikuwa na Kihispania cha kueleza kwamba mie hata punda hunipita.

Kwenye kona moja isiyopigwa na upepo wazee wanne wanacheza dhumna. Meza ya plastiki, kopo la kahawa, mmoja na shati lile jeupe la mifuko minne wanaloita guayabera. Nikasimama kidogo zaidi ya adabu, nikasukumiwa kiti. Mzee mmoja akanyanyuka kuona kitu chake ndani akaninyooshea kete zake, shika. Jamani dhumna haina Kihispania. Unajua mwenzako kashika nini kwa jinsi anavyochelewa, unajua adui kaishiwa kwa jinsi anavyoigonga ile ya mwisho, na wazee wa La Huaca wanaipiga kete mezani kwa nguvu ile ile, mkono unatoka juu ya bega, pa! Tulishinda ya kwanza. Ya pili mwenzangu akanitazama kwa jicho nililolijua, la mtu ambaye mwenzake kafunga mlango aliokuwa anautegemea, akasema maneno marefu, wote wakacheka, nikacheka nami. Mwenye kete akarudi, hakuzidai, akakaa pembeni anamsema mwenzangu. Tukacheza mpaka taa za barabarani zikawaka.

Mama akanipigia jioni hiyo, kwetu ni usiku wa manane, hajalala. Huko ndiko nti gani, wala nini, wakaa na nani. Nikamwambia nimekaa na wazee barazani. Akasema kwa hilo ulikwenda mbali hivo?

Norte ilipoisha mbingu ikawa safi na usiku uwanja wa katikati ukajaa. Zócalo yao ina kanisa kuu upande mmoja, jumba la manispaa upande mwengine, minazi na miti ya kivuli, na upande wa nguzo mikahawa ambayo, niseme ukweli wangu, makelele yamezidi. Kila meza yaweza kulipia bendi, basi hapa marimba, hatua tano pale wenye kinubi na vigita vidogo, nyuma yao tarumbeta, na wote wanapiga kwa pamoja nyimbo tofauti na hakuna anayeona tatizo. Binamu anapenda. Mie nilihamia kwenye danzón.

Danzón ni dansi ya wawili wawili, ilitoka Cuba karne ya 19 ikashika hapa, na jioni fulani bendi inapanda jukwaani, watu wanapanga viti, na wanaoingia kucheza wengi ni wa umri wa babu na bibi zetu. Wanaume guayabera na kofia ya ukindu, viatu vyeupe vimepigwa chokaa vikang'aa, mabibi na vipepeo vya mkononi. Wanacheza taratibu sana, mgongo wima, wanasema danzón halisi inachezwa juu ya kigae kimoja tu cha sakafu, na nilimwangalia mzee mmoja viatuni, kweli, hatoki kigaeni. Halafu katikati ya muziki, bendi ikifika kipande fulani, wote wanasimama. Muziki unaendelea wao wamesimama, wanageukia bendi, bibi anafungua kipepeo anajipepea, bwana anafuta shingo, wanasalimiana na jirani, huyu anaulizia mguu wa yule, na bila mtu kuhesabu kwa mdomo wanashikana tena kwa wakati mmoja, wote, hakuna aliyechelewa. Nikajaribu kuotea ni lini watashikana tena. Sikupata hata mara moja. Bibi wa kiti cha jirani akaona napiga vidole kwa kuhesabu, akacheka, akaanza kunigonga bega kila ilipofika, sasa, sasa, na baada ya nyimbo chache nikaanza kuisikia kabla hajanigonga. Akataka niinuke tucheze. Nikamuonyesha ndara zangu, akaona kweli hazifai, akaenda na mwengine.

Kwa anayefikiria kwenda, mji wa katikati wote ni wa miguu, viatu vya wazi vyatosha ila si kwa danzón, asubuhi mapema na baada ya alasiri ndio saa za kutembea maana mchana jua halina huruma. Oktoba mpaka Aprili chukua sweta hata wakikucheka. Sin manteca iandike kwenye karatasi kama ulimi mzito. Nje ya mji mambo ya usalama muulize mwenyeji wako kabla ya kusafiri usiku, mie niliuliza nikapangiwa basi la mchana. Yanga sikufika, Papantla kwenye vanila sikufika, na binamu kashaanza tena na lile neno lake njoo, lakini safari hii kasema nauli nijitafutie, kwa hivo kama kuna mtu ana wageni wa kundi mwezi wa Disemba anipigie.